Tupeane uzoefu: siku zako za kwanza kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha zilikuwaje?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wanajamvi, habari za leo. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa siri, na kwa sababu hiyo kila anayeanza hulianza bila kujua linavyokwenda: mikutano ya mwanzo na mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Nimeileta mada hii kwa kuwa baadhi ya ndugu na wafanyakazi wenzangu walikwenda mara moja wakaacha, na nilipowauliza sababu, majibu yao yalifanana: "Sikufanyiwa kitu, niliulizwa maswali tu." Naamini wengi wao wangerudi kama mtu angewaambia mapema kwamba maswali hayo ndiyo kazi yenyewe ya siku ya kwanza.

Nianze mimi. Nilifika huko kwa njia ndefu. Moyo ulikuwa unaenda mbio usiku, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana hadi nadhani ninakata roho. Nilipimwa moyo, damu na tezi ya shingo, majibu yote yakatoka salama, mpaka daktari wa magonjwa ya ndani akaniambia kwa upole kwamba maumivu yangu ni ya kweli, ila chanzo chake si moyo, na kwamba angependa nimwone mwanasaikolojia.

Mwanasaikolojia hakuanza na shida yangu. Alianza kwa kunipa fomu ya ridhaa na kunieleza kwamba nitakayoyasema hayatatoka humo ndani, isipokuwa pale ambapo maisha yangu au ya mtu mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhulumiwa, au sheria inamlazimu. Kisha yakaja maswali: usingizi, chakula, kazi, ndoa, malezi niliyopata, maradhi ya ukoo, pombe, na dawa ninazotumia, zikiwemo za miti shamba. Kwa muda wa karibu saa nzima alikuwa anaandika na kunisikiliza. Mwishoni aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Ukipata nafuu, ni kitu gani kitaonekana nyumbani kwako ambacho leo hakipo?" Nilimjibu kwamba nitaweza kula chakula cha jioni na watoto bila kunyanyuka kila mara kwenda kukagua komeo la mlango. Akaliandika hilo kwenye faili kama lilivyo, likawa ndilo lengo letu, na kila baada ya wiki kadhaa alikuwa analirudia kuniuliza tumefika wapi.

Nilitoka nimechoka kama niliyelima. Alikuwa amenionya kwamba huenda siku hiyo na ya pili yake nikajisikia mzito zaidi, kwa sababu nimegusa mambo niliyoyafunika miaka mingi, na ndivyo ilivyokuwa. Kama nisingeonywa, ningeamini tiba imenidhuru.

Karibuni wengine. Naomba tusitaje majina ya watoa huduma wala ya hospitali.

Mwalimu wa Iringa

Ahsante sana dada kwa mada hii. Mimi nataka kueleza kuhusu karatasi ile ya maswali, kwa maana ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote.

Wengi mtapewa dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, linaloitwa PHQ-9, ambalo lipo pia kwa Kiswahili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia huzuni, usingizi umekusumbua, umejiona umeshindwa, na kadhalika. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku", na alama zake ni kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 na kuendelea huangaliwa kwa makini zaidi. Wenye wasiwasi mwingi hupewa jingine la maswali saba, GAD-7. Si mtihani, na alama hizo peke yake hazimpi mtu jina la ugonjwa; zinamsaidia mtaalamu kujua pa kuanzia na, baada ya wiki kadhaa, kulinganisha.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kuona ni afadhali ufe au ujidhuru. Hapo kalamu yangu ilisimama. Mimi ni mwalimu, nina familia, na niliamini nikiweka alama ya kweli nitafungiwa wodini au habari zitafika kwa mkuu wa shule. Niliiweka. Mshauri hakushtuka wala hakuita mtu. Aliuliza kwa sauti ileile ya kawaida kama nimepanga lolote, kama niko peke yangu usiku, na ni nani ninayemwamini. Tulikaa tukaandika pamoja mpango wa usalama kwenye karatasi moja: dalili zinazonijulisha kwamba hali inazidi, mambo ya kufanya kwanza, watu wa kuwapigia simu, na hospitali ya kukimbilia hata saa nane za usiku. Tulikubaliana pia kwamba vitu vya hatari vilivyokuwa nyumbani vitunzwe na dada yangu, na mshauri akampigia dada yangu mbele yangu, kwa idhini yangu. Kulazwa kupo, siwezi kuficha, lakini ni kwa aliye katika hatari ya wakati huohuo, na si kila anayekiri kwamba amewahi kuwaza hivyo.

Ndugu zangu, tafadhali msilidanganye swali hilo. Ndilo linaloweza kuwaletea msaada haraka kuliko mengine yote.

Kijana wa Kisauni

Mimi nilianza kwa njia ya simu ya video, mshauri akiwa Nairobi nami nikiwa Mombasa. Nitasema yanayohusu njia hiyo tu.

Faragha ndiyo kazi kubwa. Nyumbani kwetu vyumba vimetenganishwa kwa mbao, na mama akikohoa sebuleni namsikia kama yuko kando yangu. Basi kakangu ana tuktuk. Siku ya miadi huiegesha chini ya mwembe, mimi hukaa kiti cha nyuma na vipokea sauti vya masikioni, mapazia ya turubai yameshushwa, naye huenda kunywa chai mpaka nimalize. Kakangu hajawahi kuniuliza ninaongea na nani. Mshauri mwenyewe, kabla hatujaanza, huniuliza kila mara niko wapi na kama kuna anayesikia, na mwanzoni alichukua nambari ya mtu wa karibu iwapo simu itakatika nikiwa katika hali mbaya. Bando nalo lisikuishie katikati. Tulikubaliana kwamba picha ikigandaganda tunahamia kwenye simu ya kawaida bila kupoteza muda.

Jambo la pili ni usajili. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii. Nilimwomba mshauri nambari yake ya usajili kabla sijalipa, akanipa bila kinyongo. Mitandaoni wamejaa watu wanaojiita wataalamu wa mahusiano na mafanikio; anayekasirika ukimuuliza amesomea wapi, msimpe pesa wala siri zenu.

Mama wa Watatu, Mwanza

Wadau, mimi yangu yalianza vibaya, nayo nayasema ili atakayekutana nayo asikate tamaa.

Hospitali niliyokwenda kwanza, mhudumu wa dirishani aliniuliza kwa sauti ya kusikika benchi zima: "Wewe ndiye wa kliniki ya akili?" Watu waligeuka. Alikuwepo mama mmoja tunayeabudu naye. Nilitamani kurudi nyumbani, na nasema wazi kwamba mhudumu wa afya anayefanya hivyo anamfukuza mgonjwa sawasawa na aliyemfungia mlango. Kwetu Tanzania jina la Mirembe, hospitali kuu ya afya ya akili iliyoko Dodoma, limegeuzwa kuwa tusi la mitaani, na nasikia jirani zetu Kenya hulitumia la Mathari, hospitali yao ya afya ya akili, vivyo hivyo. Basi mtu akiitwa "wa akili" hadharani anajua atakavyosemwa jioni. Niliporudi tena nilikuwa nimeandika kwenye karatasi jina langu na jina la daktari niliyeelekezwa kwake, nikaipitisha dirishani bila kusema neno. Ikafaa.

Ndani, nilikuwa ninasubiri kuambiwa kama niendelee na ndoa au niondoke. Hilo ndilo nililokwenda kulitafuta. Mshauri wa kwanza aliniamulia palepale: vumilia, uwaombee watoto. Nilitoka na mzigo uleule. Wa pili, ambaye ndiye niliyeendelea naye, alikataa kuniamulia na badala yake akanirudisha nyuma hatua kwa hatua: nini kilitokea wiki hii, ulijisemea nini, mwili ulifanya nini, ulifanya nini baada ya hapo. Alinipa na kazi za nyumbani, kama kuandika kila siku jambo moja nililolifanya kwa ajili yangu mwenyewe, hata likiwa ni kukaa nje na kikombe cha chai kabla watoto hawajaamka. Mwanzoni ilinikera, nikaona ninalipa nauli na ada ili niulizwe nilichokuja kukiuliza. Baada ya muda uamuzi niliufanya mwenyewe, na kwa kuwa ni wangu, sijautilia shaka tena.

Kwa hiyo mkiona baada ya mara chache hamwelewani na mshauri, mna haki ya kumwambia, na mna haki ya kuhamia kwa mwingine. Mshauri mzuri hakasiriki. Atakusaidia kumpata mwenzake.

Muuguzi mstaafu, Morogoro

Wanangu, nimesoma yote na nimefarijika. Niongeze machache kutokana na kazi niliyoifanya.

Watu huchanganya watoa huduma. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni tabibu, ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu. Mshauri nasaha naye hutibu kwa mazungumzo, hasa katika matatizo ya maisha, msiba, ndoa na msongo wa mawazo. Mara nyingi mgonjwa mmoja huwahitaji wawili kwa pamoja, na kuandikiwa dawa hakumaanishi umeshindikana. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ileile. Wengi huanza kuona nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, wengine huchelewa zaidi, ilhali kichefuchefu na usingizi vinaweza kutangulia. Msiziache ghafla kwa sababu mmepata nafuu. Rudini mpunguziwe kwa utaratibu. Na daktari akiagiza kipimo cha damu kabla ya yote, msishangae, kwa maana upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo huweza kumchosha na kumhuzunisha mtu vilevile.

Wengi huuliza itachukua muda gani. Inategemea tatizo. Tiba ya kubadili mawazo na matendo kwa kawaida huwa kati ya mikutano 6 na 20, wa dakika 30 hadi 60 kila mmoja. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi uitwao PM+, wenye mikutano mitano ya dakika 90 kila wiki, unaotolewa na watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa; umejaribiwa kwa akina mama jijini Nairobi na ukawapunguzia dhiki. Aliyebeba madhila ya utotoni anaweza kuhitaji muda mrefu zaidi, na hilo si aibu yake.

Baba wa Nakuru

Kwa wenzangu waumini: niliogopa nitaambiwa niache maombi. Mshauri aliniuliza imani yangu inanisaidia vipi, akaiweka katika mpango. Mchungaji wangu naye alinitia moyo niendelee na miadi. Sijaona mgongano wowote kati ya wawili hao.

Msomaji mgeni, Kigoma

Shikamooni wakubwa. Nimesoma kila neno. Miadi yangu ni Alhamisi. Niandae nini, na je, mume wangu anaweza kuingia pamoja nami? Yeye ndiye atakayenilipia, na anataka kujua nitasema nini.

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kupata miadi. Andika mistari michache tu: kinachokusumbua zaidi, kilianza lini, usingizi ukoje, na dawa zote unazotumia. Beba kadi yako ya hospitali na cheti cha bima kama unacho. Uliza mwanzoni ada ni kiasi gani, na ukishindwa kufika unatakiwa kutoa taarifa saa ngapi kabla, kwa kuwa sehemu nyingine hutoza miadi iliyokosekana. Si lazima useme yote siku hiyo, unaweza kumwambia mshauri, "Hili bado siko tayari." Na iwapo kabla ya Alhamisi utajisikia kutaka kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali iliyo jirani usiku huohuo.

Kuhusu mume wako, anaweza kuingia mwanzoni ukitaka wewe, lakini mshauri ataomba kukaa nawe peke yako kwa sehemu kubwa ya muda, na kulipa hakumpi haki ya kupewa uliyoyasema. Kama unaona kumwambia hilo wewe mwenyewe kutaleta ugomvi, mwombe mshauri amweleze yeye utaratibu huo kabla hamjaanza. Wamezoea kuulizwa, na wanajua namna ya kulisema bila kumvunjia heshima.