Mawimbi ya mshtuko kwa angina (kifua kubana kwa sababu moyo unakosa damu) isiyosikia dawa: tuhakikishe nini kabla familia haijalipa?

nesi_kliniki:
Habari wakuu. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 68 mwenye kisukari. Alishafanyiwa bypass (upasuaji wa kuupitishia moyo damu kando ya mshipa ulioziba), baadaye akawekewa stenti mbili (vibomba vya kuuacha mshipa wazi). Akipanda ngazi za ghorofa moja kifua kinambana, na karibu kila siku anaweka nitrogliserini chini ya ulimi. Madaktari wa moyo wamesema mishipa iliyobaki ni myembamba mno, haifai stenti wala bypass ya pili. Sasa kituo kimoja nje ya nchi kimewapa bei ya tiba ya mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya kifua. Inafanywaje, nani haimfai, na waulize nini kabla ya kutuma pesa?

dkt_mishipa:
Kwanza hakikisheni bei hiyo ni ya tiba gani. Ipo nyingine ya mawimbi inayopitishwa kwa katheta (mrija mwembamba) ndani ya mshipa ili kupasua chokaa kabla ya kuweka stenti. Marekani iliidhinishwa kwa mishipa ya moyo mwaka 2021. Hiyo ni kazi tofauti kabisa. Ya kwenu ni ya nje ya mwili, haina sindano wala nusu kaputi, na si umeme. Ni mawimbi ya sauti yenye mgandamizo mkali, ya jamii ile ile inayovunja mawe ya figo, ila nguvu yake ni takriban sehemu moja ya kumi: milijuli 0.09 kwa milimita mraba.

Lengo ni kuuchokoza msuli wa moyo unaokosa damu utoe kemikali zinazootesha vimishipa vipya. Ndiyo maana nafuu haiji siku hiyo hiyo. Huhesabiwa kwa wiki na miezi. Na ndiyo maana kipimo cha kutangulia ni lazima, SPECT (picha ya mtiririko wa damu kwenye moyo) au eko ya mazoezi (ultrasaundi ya moyo uliochoshwa), kuonyesha eneo lenye njaa ya damu lakini bado hai. Kovu halioti mishipa ya kulifaa kitu. Kituo kisichodai kipimo hicho, msikiendee.

Hiroaki Shimokawa na wenzake wa Japani walitoa taarifa ya wagonjwa wao wa kwanza mwaka 2006, watu tisa: mapigo 200 ya mashine kila doa (sehemu ya moyo inayolengwa), madoa 20 hadi 40, mara tatu kwa wiki. Ulaya utaratibu uliozoeleka ni vikao tisa, vitatu vitatu katika wiki ya 1, ya 5 na ya 9, kwa kawaida mapigo 100 kila doa. Mgonjwa akitoka mbali, nauli na malazi ya wiki tisa yaingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Kukatisha katikati ni kutupa pesa.

Kuhusu ushahidi niseme wazi. Tafiti nyingi zinaonyesha maumivu kupungua, nitrogliserini kupungua na mwendo kuongezeka, lakini ni ndogo, na chache ndizo zilizolinganisha na tiba bandia (ya kuigiza tu, mgonjwa asijue). Kwa angina hilo ni jambo zito. Utafiti wa ORBITA wa Uingereza, 2017, ulionyesha kuwa hata stenti, ikilinganishwa na utaratibu bandia, haikurefusha muda wa mazoezi kwa tofauti ya maana. Hakuna uthibitisho kwamba mawimbi haya yanarefusha maisha. Anayeyauza kama mbadala wa bypass kwa mtu ambaye bado anafaa bypass anamdhuru mgonjwa.

fundi_vifaatiba:
Naongezea upande wa mashine. Pigo la mashine hutolewa kwa kufuata wimbi R la ECG (mchoro wa umeme wa moyo; R ni kilele kinachoonyesha moyo unaanza kujikaza, T hufuata baadaye), wakati msuli hauwezi kuchokozwa ukapiga pigo la ziada. Elektrodi zikikaa vibaya, au wimbi T likiwa refu mashine ikalidhania ni R, pigo linatoka wakati mbaya. Opereta mzuri hutazama alama za pigo kwenye skrini kabla hajaanza, na hurudia kila mgonjwa anapogeuzwa.

Adui mwingine ni hewa. Mawimbi hupita vizuri kwenye maji na nyama, yakikuta hewa yanarudi. Jeli yenye mapovu, au mto wa maji wa mashine usiogusa ngozi vizuri, na nguvu inaishia juu juu huku ngozi ikibaki na vidoa vyekundu. Pafu likiingia njiani ni hatari zaidi, linaweza kujeruhiwa. Kwa hiyo ultrasaundi itumike kutafuta njia kati ya mbavu, mgonjwa akilala chali au ubavu wa kushoto.

Kuna hesabu rahisi ya kuwabana nayo: moyo ukipiga 60 kwa dakika na kila pigo la moyo likiambatana na wimbi moja la mashine, doa la mapigo 100 huchukua dakika moja na sekunde 40. Madoa kumi ni kama dakika 17, bila muda wa kulenga. Kikao cha dakika tano hakijafanya kazi hiyo.

nesi_kliniki:
Asanteni sana. Na wasiofaa? Dawa je, aache?

dkt_mishipa:
Asiache hata moja. Wasiofaa: mwenye donge la damu ndani ya moyo, aliyepata shambulio la moyo miezi ya karibuni, mwenye saratani ya kifua, mjamzito, mwenye silikoni kifuani, na yule ambaye ultrasaundi haimwoni moyo kwa sababu ya mapafu. Mwenye pesimeka (kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo) lazima aulizwe mtaalamu wake kwanza.

Kabla ya safari pimeni damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu pekee waweza kuzidisha angina. Kama anameza isosorbidi mononitreti ya kawaida (dawa ya jamii ya nitrogliserini) mara mbili kwa siku, dozi zisipishane kwa saa 12. Saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri zinaacha usiku bila dawa, la sivyo mwili unaizoea. Muulizeni daktari wake pia kuhusu dawa nyingine za angina, ranolazini, ivabradini au nikorandili, kama hajajaribu.

Maumivu yakija: akae, aweke nitrogliserini moja, asubiri dakika tano. Yasipoisha, hospitali mara moja, hata kama kikao cha mawimbi ni kesho yake.