Wataino waliondoaje sumu ya muhogo mchungu bila kuuvundika?

Mdadisi: Wakuu, kwetu muhogo mchungu hulowekwa siku 3 au 4 ndipo uanikwe. Wataino, wenyeji wa asili wa visiwa vya Karibi vya Kuba, Hispaniola (leo Haiti na Jamhuri ya Dominika) na Puerto Rico, waliukuna mbichi, wakaukamua, wakaoka mkate wa casabe. Sumu ilitoka hatua ipi?

Kifumbu: Ilianza kutoka kwenye kukuna. Muhogo una linamarini, kemikali iliyobeba sumu ya sianidi, na kimeng'enya kinachoivunja kimetengwa nayo ndani ya mzizi. Seli zikipasuka vinakutana, sianidi inatoka, nayo hugeuka hewa kwenye nyuzi 26 hivi. Kwa hiyo guayo, ubao uliopachikwa vijiwe vikali, ulipaswa kulainisha muhogo kabisa.

Machicha yalijazwa kwenye cibucán. Chukua kifumbu cha kuchujia nazi, ukirefushe kama mguu wa suruali. Kilitundikwa juu, ncha ya chini ikavutwa kwa uzito. Msuko unabana, maji yanashuka na sumu. Kilichobaki kilichekechwa, kikatandazwa kwenye burén, kikaango bapa cha udongo, kikageuzwa mara moja. Mafuta hamna, hamira hamna: wanga ukipata joto unajishika wenyewe. Unga ukiwa na maji mengi unakuwa kama ugali. Ukikauka mno, mkate unamomonyoka. Baada ya hapo ni juani. Casabe kavu hukaa miezi, na Wahispania waliifanya chakula cha safari za merikebu.

Mama Shamba: Nisisitize jambo moja, maana watu wanadhani moto unamaliza kila kitu. Ukichemsha vipande vizima vya muhogo mchungu, joto linaua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, linamarini inabaki humo. Kukuna madongemadonge kuna hatari ileile. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliozuka Tarime mwaka 1985, ulikuja wakati wa ukame, watu walipofupisha maandalizi.

Mdadisi: Shukrani. Na yale maji yalimwagwa?

Kifumbu: Hapana. Yaliachwa wanga utuame, kisha yakachemshwa muda mrefu sufuria wazi ili sianidi iondoke na mvuke. Mabichi yanaua.

Mtafiti wa Maneno: Guayo, burén, casabe na conuco (shamba) ni maneno ya Kitaino, lugha ya jamii ya Kiarawaki, na watu wa Jamhuri ya Dominika wanayatamka hadi leo katika Kihispania chao. Ila "mandioca" msiiweke humo, hiyo ni ya Watupi wa Brazili. "Mbatata" yetu ndiyo yenye asili hiyo: batata ya Kitaino iliyofika pwani kwa Kireno, ingawa kule ilikuwa kiazi kitamu.