Miaka sita kwenye data, leo naambiwa "mchango wako hauonekani"

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwahiyo mpangilio mtanisamehe, na kama kuna mtu amekuja kuniambia nikaze buti apite tu, buti nimekaza mpaka kamba zimekatika.

Juzi nimetoka kwenye tathmini ya mwaka. Mimi ni data injinia, yaani najenga paipulaini, mabomba ya kusafirisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, huu mwaka wa sita, na wa nne niko cheo kilekile. Meneja kafungua fomu yake akasoma taratibu kama anasoma wasifu wa marehemu, "unafanya kazi nzuri ila mchango wako hauonekani". Hauonekani!! Jamani paipulaini ikifanya kazi inatakiwa ionekanaje, ipige honi?

Ngoja niwape mfano mmoja. Kuna siku jobu (kazi inayojiendesha yenyewe usiku) ya kupakia mauzo ya jana ilikata katikati, netiweki tu, Airflow, ile programu inayoziendesha hizo jobu kwa ratiba, ikafanya ilichoambiwa ifanye, ikairudia yenyewe, kumbe ile mara ya kwanza data zote zilikuwa zimeshaingia ila jibu la kwamba zimeingia ndo halikurudi. Kwahiyo kila kitu kimeingia mara mbili na hakuna alati hata moja, kwenye skrini kila kitu kijani. Asubuhi dashibodi (ule ukurasa wa chati wanaoangalia mabosi) inaonyesha mauzo yamepanda mara mbili na bosi mmoja keshaandika kwenye grupu la kazi kuwapongeza watu wa masoko, watu wanatuma makofi huko. Mimi nikaona hapana, nikahesabu kwa namba ya risiti, nikakuta kila risiti ina mistari miwili miwili kama mapacha. Nikasafisha, nikaandika kwenye grupu (makofi yakakoma ghafla, na mpaka leo nahisi kuna watu hawajanisamehe), halafu nikabadilisha ile jobu ianze kwa kufuta data za siku husika ndo iingize upya, vyote ndani ya transaksheni moja (yaani vinafanyika vyote au hakuna kinachofanyika), ili hata ikirudiwa mara kumi matokeo yawe yaleyale. Nikaona haitoshi, nikapitia paipulaini zingine zote zilizoandikwa kwa mtindo ule, zilikuwa 14, wiki tatu hizo na bado kazi zingine zinakuja kama kawaida. Tangu siku hiyo haijatokea tena. Sasa niambieni hiyo "haijatokea tena" naiweka kwenye slaidi gani?

Jamaa aliyechora dashibodi juu ya matebo (majedwali ya data) yangu kapanda cheo. Simchukii, ni mshkaji wangu na kazi anaijua, tena yeye ndo alinitetea kwenye kile kikao. Ila ndo hivyo, rangi zinaonekana, bomba liko chini ya sakafu.

Na msidhani ni kwetu tu. Mnakumbuka Uingereza Oktoba 2020? Wagonjwa wa korona 15,841 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kwa sababu majibu ya maabara yalikuwa yanapitishwa kwenye faili za Excel za ule muundo wa zamani, XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536, ukijaa inayobaki inaachwa nje kimyakimya. Watu waliokutana na hao wagonjwa wakachelewa kutafutwa. Hapo ndo kila mtu akajua kumbe kuna kazi inaitwa kusafirisha data. Sasa jiulize, angekuwepo mtu kwenye ile timu ambaye kaweka kaskripti ka kuhesabu mistari iliyoingia na iliyotoka, zikipishana jobu inasimama, tatizo lisingetokea, na mwisho wa mwaka huyo mtu angeandikiwa nini kwenye fomu? Mchango hauonekani.

Nikamuuliza meneja sawa, sasa nifanye nini nikue. Jibu: ongeza vyeti. Aisee. Vyeti vya klaudi ninavyo viwili, kimoja kimeshaisha muda kabla sijakutana na kazi inayokihitaji. Na hizi zana haziishi, kulikuwa na Hadoop tangu 2006, ikaja Spark, ikaja Kafka kutoka LinkedIn 2011, hiyo Airflow nayo ilizaliwa Airbnb 2014, na kila moja ina kozi yake na kila tangazo la kazi linazitaka zote kwa pamoja na uzoefu wa miaka mitano kila moja, kana kwamba mtu ana maisha matatu. Wakati huo kinachonilisha kila siku ni SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, ambayo IBM waliianza miaka ya 70.

Mimi nilikua kweli mara moja tu kwenye hii kazi, na haikuwa kozi. Tulikuwa na dada mmoja injinia mwandamizi, kwa miezi nane alikuwa anapitia programu zangu zote ninazoandika, hapitishi kitu kirahisi, na kila nikimpelekea kazi swali lake ni lilelile, "hii ikirudiwa itakuwaje?" Nilikuwa namchukia, naona ananichelewesha makusudi. Ila ile asubuhi ya risiti mapacha mimi ndo niliyeona, kwa sababu lile swali lilishaniingia kichwani halitoki. Yule dada aliondoka, nafasi yake haijajazwa, ipo ipo tu kwenye mpango wa ajira tangu mwaka juzi. Saiv najiandikia mwenyewe, najikagua mwenyewe, najipitishia mwenyewe, alafu ma-junia (mainjinia wachanga) wawili wananitegemea mimi niwaulize hilo swali, na nawauliza, ila muda wa kukaa nao hauna hata kisanduku kwenye fomu. Kuna kisanduku cha "kozi ulizomaliza". Cha watu uliowafundisha hakuna.

Nikimwambia meneja nipeni mtu wa kunikagua, au nipeni mradi mmoja wa kuunda mfumo kutoka mwanzo badala ya kurithi maskripti ya watu walioacha kazi, ananiambia "wewe ndo unayeijua hii mifumo, tukikutoa hapo nani atashika?" Yaani kwenye tathmini sionekani, nikitaka kuhama sikosekani. Kama kuna mtu anaelewa hiyo hesabu anieleweshe taratibu.

Sasa kuna fomu ya malengo ya mwaka ujao natakiwa niirudishe Ijumaa, kisanduku kina nafasi ya herufi 300. Kwa wale ambao waliwahi kuandika kazi ya kuzuia matatizo na bosi asiye fundi akaielewa, mliandikaje? Mliweka saa za usiku mlizookoa, au mlihesabu makosa yaliyokamatwa kabla ripoti haijatoka, au nini? Nipeni maneno yenyewe mliyotumia, sitaki ushauri wa kuacha kazi, huo ninao. Mpaka sasa nimeandika "hakuna kilichoharibika" nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.