Magaga yametesa vya kutosha: krimu ya yurea, mashine ya kusugua au saluni kila mwezi?

Mtoto_wa_Kondoa
Habari za mida hii wakuu. Naomba niende moja kwa moja kwenye mada. Kuna magaga hapa yameshindikana, visigino vimechanika mpaka usiku vinanasa kwenye shuka na shuka lenyewe limeanza kutoa nyuzi. Nimetenga 40,000 nimalize hili suala. Nimezunguka nimepata njia tatu. Kuna krimu ya yurea asilimia 25, duka la dawa wameniambia 18,000. Kuna mashine ya kusugua ya kuchaji, ile yenye kijiwe kinachozunguka, jamaa anauza mtandaoni 35,000 na kasema mwisho wa hiyo bei ni Jumamosi. Halafu kuna saluni moja hapa Dodoma mjini 10,000 kwa mwezi, wanaloweka, wanasugua, wanapaka mafuta. Kwa aliyewahi kutumia, nichukue ipi? Wa kejeli piteni kimya kimya.

Chombeza87
Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

FundiKucha_Temeke
Mkuu mashine achana nayo. Mimi hii ndo kazi yangu mwaka wa tisa, natembea na kikapu changu na beseni, nimeona mashine za kila aina. Kale kajiwe kanaisha haraka, ukienda kutafuta kengine hakuna, imebaki kifaa cha kuchezea watoto. Miguu inataka mkono wa mtu. Unaloweka dakika kumi, unasugua na jiwe taratibu kuelekea upande mmoja, wiki mbili unarudia. Hiyo 10,000 wamekupiga, mtaani ni 3,000 mpaka 5,000.

BintiMakete
@FundiKucha_Temeke unavutia kwako tu hapo lol. Kusugua bila kupaka ni kazi bure, kesho yake pamekauka tena. Mimi nimekulia Makete, mwezi wa saba kule baridi inakata midomo mpaka magoti, nafahamu ninachosema. Vaselini ya kawaida, soksi za pamba, basi. Ila siri ni upake ukitoka kuoga mguu ukiwa bado una unyevunyevu. Vaselini haileti maji, inafungia yaliyopo, ukipaka kwenye gaga kavu umepaka rangi ukuta. Wiki mbili utaniambia.

Mzee_wa_Kibaigwa
Samahani, yurea hii hii ya kukuzia mahindi? Nina mfuko stoo umebaki robo.

Chombeza87
@Mzee_wa_Kibaigwa 😂😂😂 mzee visigino vitaota

Nesi_Mstaafu
Yurea ni ile ile kwa jina, Mzee wangu, lakini ya mfuko imetengenezwa kwa ajili ya shamba, usiipake. Ya duka la dawa imesafishwa na imepimwa. Yenye asilimia 10 kazi yake kubwa ni kuvuta unyevu, ukifika 20 na kupanda inaanza kulainisha ile ngozi ngumu ili itoke yenyewe. Kwa hiyo mleta mada hujakosea kuitaja. Ila maelezo yako hayajakamilika. Una umri gani? Unashinda umesimama? Unavaa viatu gani? Magaga ni miguu yote miwili au mmoja? Yanawasha? Kati ya vidole kukoje? Na la muhimu, umewahi kupima sukari? Jibu kwanza haya ndipo tuongee krimu.

Baba_Wawili
Wakati tunamsubiri mwenye uzi ngoja niwaambie kilichonikuta maana kuna watu watakuja kumshauri wembe. Mwaka juzi nilikuwa na harusi ya mdogo wangu, nikasema siwezi kuvaa makubazi na miguu kama ya mchimba kisima, Jumamosi jioni nikaloweka miguu nikachukua wembe mpya nikatandika gazeti nikaanza kupunguza. Mwanzoni raha, ngozi inatoka vipande vipande kama maganda ya muhogo, mke ananiambia inatosha baba, nasema bado hapa, bado hapa, nikazama. Damu haikutoka papo hapo, ilikaa kama sekunde mbili hivi pakiwa peupe halafu ikaja. Nikafunga kitambaa, harusini nilikwenda nacheza mguu mmoja. Jumanne kisigino kimevimba mpaka kwenye kifundo, joto, nalala mguu juu ya mito. Sindano ya pepopunda, dawa za kumeza siku saba, kazini wiki mbili nimevaa kiatu mguu huu na ndala mguu huu, wateja wanacheka. Na baada ya yote hayo ngozi ikarudi nene kuliko ya mwanzo. Wembe ni wa ndevu jamani.

FundiKucha_Temeke
@Baba_Wawili pole sana ila hapo kosa sio wembe, kosa ni mkono. Sisi tunao ule wembe wa mpini na hatujawahi kuua mtu.

Baba_Wawili
@FundiKucha_Temeke huo wembe unabadilisha kila mteja?

FundiKucha_Temeke
Nausafisha kwa spiriti.

BintiMakete
Hajajibu swali 👀

Mwana_Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi wa bara mwahangaika bure. Sisi huku tangu bibi zetu ni glisirini na marashi ya mawaridi, watia na maji kidogo, wapaka usiku. Wengine hukamulia na ndimu lakini kama pamepasuka hadi ndani usitie ndimu, utaamka na nyota. Mafuta ya nazi pia, ya kukamua nyumbani si ya chupa.

BintiMakete
@Mwana_Mvita huko kwenu hewa yenyewe ina maji, hata usipopaka kitu ngozi inapona. Njoo Dodoma mwezi wa nane uone kama marashi yatafika jioni, vumbi na upepo vinakusubiri mlangoni.

Mwana_Mvita
Hahaha sawa, lakini magaga huku pia yapo, kwa sababu ya ndala. Kisigino kikiwa wazi nyuma chatanuka ukikanyaga, ngozi ikiwa kavu itapasuka tu.

Kijana_wa_Gulu_Road
Kampala hapa. Jaribuni siagi ya shea ya kaskazini ya Uganda, ya Gulu na Lira. Ni laini, inayeyuka ukishika tu. Nimepona nayo.

Chombeza87
Mimi najaza supagluu kwenye mpasuko, nabana, natembea. Msinishangae, hata hospitali wanagundisha vidonda.

Nesi_Mstaafu
@Chombeza87 gundi ya hospitali ni nyingine, na inawekwa kwenye jeraha lililosafishwa. Wewe unafungia vumbi na vijidudu ndani halafu unavitembelea juu. Acha.

Chombeza87
Miaka mitatu sasa sijafa mama

Nesi_Mstaafu
Nimeona wengi waliosema hivyo.

Mtoto_wa_Kondoa
Nimerudi wakuu, nilikuwa kazini. Nesi, magaga ni miguu yote miwili, hayawashi, vidoleni safi. Miaka 63. Sukari anayo toka 2015, anameza vidonge.

Baba_Wawili
"Anayo"? Nani?

Mtoto_wa_Kondoa
Mama yangu. Kwani nilisema ni yangu? Yeye yuko Kondoa, mimi niko Dodoma, nataka kumpelekea wikiendi hii.

BintiMakete
Eeh! Kaka yangu watu wamebishana siku nzima unakuja kusema sasa hivi!!

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kuandika. Nikuulize kingine. Miguu ina ganzi?

Mtoto_wa_Kondoa
Anasema kama amevaa soksi wakati hajavaa. Na mwezi uliopita alikanyaga kipande cha kigae cha chungu hapo jikoni, hakusikia chochote, dada ndiye aliona alama za damu kwenye sakafu zinatoka jikoni mpaka sebuleni akamwambia mama simama. Kidonda kilipona lakini. Usiku huwa anakanda miguu kwa maji ya moto na chumvi anasema yanamsaidia.

Nesi_Mstaafu
Basi sikiliza. Mashine usimpelekee, wembe usisogee karibu yake, na saluni ya kuloweka waache kwanza. Mguu wenye ganzi hausemi ukiumia, na maji ya moto yatambabua asijue. Mpigie simu leo leo maji ya moto yakome, aoshe kwa maji vuguvugu, na ayapime mtu mwingine kwa kiwiko, sio yeye kwa mguu. Ajifute vizuri kati ya vidole, mafuta apake kisigino na nyayo tu, vidoleni asipake. Kila jioni dada amwangalie nyayo kwa mwanga. Krimu ya yurea inamfaa ila soma boksi, nyingine zimechanganywa na asidi ya salisili, hizo mtu wa sukari asitumie bila kumuuliza daktari. Na kama kuna mpasuko unaotoa damu au maji, asipake chochote, aende hospitali kesho. Hata kama hautoi, akienda kliniki ya sukari avue viatu awaonyeshe, wengi wanakaa foleni saa tatu wanaondoka bila kuonyesha mguu.

Mtoto_wa_Kondoa
Sijui kama kuna unaotoa damu. Nimempigia anasema ni mzima, nisimsumbue. Dada hapokei.

FundiKucha_Temeke
Hapo hata mimi najitoa. Mtu wa sukari huwa simgusi.

BintiMakete
Viatu pia. Hela ya mashine mnunulie raba nyepesi zilizofungwa nyuma, namba isimbane. Atembee navyo hata ndani.

Mtoto_wa_Kondoa
Mama na viatu ndani ya nyumba? Huyo hata kanga ya kichwani hakubali umchagulie.

Kijana_wa_Gulu_Road
Shea ni ya asili, sidhani kama itamdhuru mtu wa sukari.

Nesi_Mstaafu
@Kijana_wa_Gulu_Road kulainisha italainisha, haimwambii amekanyaga kigae.

Mzee_wa_Kibaigwa
Mimi pia nina sukari na miguu yangu huwa inawaka moto usiku. Hiyo nayo ni ganzi au ni kitu kingine?

Nesi_Mstaafu
Inaweza kuwa mishipa ile ile ya fahamu, Mzee wangu. Ulipima sukari lini mara ya mwisho?

Mzee_wa_Kibaigwa
Kabla ya mavuno.

Nesi_Mstaafu
Mavuno ya mwaka gani?

Chombeza87
Mzee kakimbia 😂

Mtoto_wa_Kondoa
Dada kapokea. Anasema mguu wa kulia kuna sehemu moja imechanika ndefu kama nusu kidole, damu hakuna ila kuna kama maji. Mama kamnyang'anya simu ananiambia niache kumtangaza.

Nesi_Mstaafu
Usisubiri wikiendi.

Mtoto_wa_Kondoa
Naangalia gari la saa kumi na mbili asubuhi. Tatizo yule jamaa wa mashine nilishamtumia 20,000 ya kishika mahali na kasema hairudi.

Baba_Wawili
Duh. Ongezea 15,000 uichukue halafu uniuzie mimi 25, mke wangu anaitaka.

FundiKucha_Temeke
@Baba_Wawili kajiwe kataisha nakwambia.