Tupeane uzoefu: umefunga diski ya pili kwenye desktop, kompyuta haiioni

Wakuu, jamaa yangu kanunua diski ya 4TB kaifunga mwenyewe, BIOS (programu inayoamka kabla ya Windows) inaiona ila ukiingia Windows haipo kabisa. Nikakumbuka mbali sana. Yaliyowakuta mwageni hapa.

Mzee wa Jampa: Watoto wa SATA (diski za siku hizi, kila moja na waya wake) mnadeka. Sisi IDE za zamani, diski mbili waya mmoja bapa, jampa (vibanio vya kuchagua diski kuu na ya pili) zote zikikaa Master, yaani kuu, hakuna inayoonekana, hata ile yenye Windows.

Dada Kebo: Hiyo ya jamaa yako ndogo. Diski mpya inakuja haina patisheni (sehemu iliyogawiwa) wala herufi kama D:. Aingie Disk Management ataikuta imeandikwa Not Initialized, achague GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Akichagua MBR, ule wa zamani, inaishia 2TB, zilizobaki atazitafuta mpaka Krismasi.

Kiroboto: Umemaliza dada.

Studio Temeke: Mimi nashuti maharusi, diski ilijaa nikaongeza ya pili, pawa saplai haina kichwa cha SATA kilichobaki, fundi mmoja akanipa adapta ya Molex (kichwa cha umeme cha zamani chenye pini nne) kwenda SATA, ile ambayo kichwa chake wamemwagia plastiki na nyaya zikiwa ndani. Ikapiga kazi freshi tu. Sasa siku hiyo natoa video ya mwisho, upande wa bwana harusi simu haziishi, mara naskia harufu, nadhani jirani kaunguza maharage, kugeuka moshi unatoka kwenye keis!! Nikachomoa ukutani. Kile kichwa kimeyeyukia kwenye diski hakitoki hata kwa koleo. Ndoa, keki, mama akilia, vyote mule, na memori kadi zilishaenda harusi nyingine.

Kiroboto: Weee! Bwana harusi alisemaje?

Fundi Volti: Msisingizie adapta, hiyo ni pawa saplai ya mtumba.

Dada Kebo: Fundi acha hizo. Kwenye zile za kumwagiwa waya wa 12V unaweza kugusana na wa 5V humo ndani, pawa saplai hata iwe ya dhahabu. Nunua ya kubana waya mmoja mmoja.

Fundi Volti: Nimefunga mia kidogo, haijaungua hata moja.

Mzee wa Jampa: Bado.

Kinyozi IT: Mnapigana bure. Angalieni kama kuna M.2 (diski ndogo inayochomekwa kwenye mazabodi moja kwa moja), mazabodi nyingine ukiiweka inazima baadhi ya poti za SATA. Hamisha waya poti nyingine.

Mpemba Mmoja: Yangu haizunguki hata kidogo jamani, imetolewa kwenye seva.

Kinyozi IT: Nyingi za hizo zikipata 3.3V kwenye pini ya tatu haziwaki. Bandika tepu ya kuhimili joto kwenye pini hiyo.

Fundi Volti: Au mpe adapta ya Molex, haina 3.3V 😂

Studio Temeke: Fundi wewe ni muuaji.

Mleta mada: Wakuu, jamaa keshaipata. Ila inasoma 3.63TB anataka kuirudisha dukani.

Dada Kebo: Asirudishe. Kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

Kiroboto: Studio, bwana harusi alisemaje lakini?