Mama ana moyo mchovu na wiki ijayo anaingia thieta, gesi ya usingizi inaufanyia moyo nini?

BintiWaAhero:
Habari zenu jameni. Mamangu ana miaka 61, tuko hapa Kisumu, ana goita imekua mpaka akilala chali anakoroma kama mtu anakabwa. Shida ni ile picha ya moyo ya ekko, imeandikwa asilimia 40 na daktari akasema moyo hausukumi damu vile inafaa. Sasa jirani yetu, nesi mstaafu, ameniambia gesi ya kulalisha watu inalegeza moyo, tangu jana chakula hakipiti. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona bado wanaitumia?

Thieta_Nakuru:
Pole dada. Jirani hajakudanganya lakini hajamaliza. Mimi nalalisha watu, ni kazi yangu ya kila siku. Iko hivi, moyo ukitaka kupiga, kalsiamu kidogo inaingia ndani ya seli kupitia vilango vyake, hiyo kidogo inafungulia ghala kubwa lililo ndani, kalsiamu inamwagika na nyuzi za msuli zinavutana, ndiyo pigo hilo. Gesi inabana vile vilango, na nyuzi zenyewe zinaacha kuitikia kalsiamu kama kawaida. Halotheni, moja ya hizo gesi, inaongeza lingine, inafanya ghala livuje polepole, kwa hivyo pigo linalofuata linakuta akiba imepungua. Fikiria wavuvi wa Dunga wanavuta wavu, watu ni walewale ila yule wa kuwaitia sauti imefifia.

Cha maana ni kiasi, na ni gesi gani. Ukiongeza gesi, moyo unazidi kulegea, ukipunguza unarudi, juu mgonjwa anaitoa kwa pumzi, haibaki kuharibu msuli. Halotheni, iliyoanza kutumika 1956, ndiyo inalegeza moyo sana. Isoflureni na sevoflureni zinaulegeza kidogo tu, presha ikishuka, mara nyingi ni kwa sababu mishipa imepanuka.

Nilijifunza hii kwa mzee mmoja wa henia, zamani, nilifungua ule mtungi mwekundu wa halotheni mpaka asilimia 2 nikachelewa kuurudisha. Mshipa wa kifundo cha mkono ulikuwa unagonga vizuri chini ya kidole changu, ukawa mwembamba kama uzi, presha ya juu 70, mapigo 44. Nikashusha gesi, nikampa atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, na maji ya mshipa, akarudi. Mpaka leo nikifungua mtungi kidole kingine kiko kwa mshipa wa mgonjwa.

Kondele_Kwetu:
Dada mimi naomba tu umwambie yule wa kulalisha KILA KITU. Babangu alifanyiwa operesheni mahali sitataja, alikuwa anatumia dawa za moyo na hakuna mtu aliuliza, na sisi tukanyamaza tukidhani iko kwa faili. Presha ikashuka ndani wakahangaika naye zaidi ya saa moja. Alipona lakini ile saa siwezi kuisahau.

Dkt_Bahati:
Niongeze kitu watu wengi hawajui. Hizi gesi zinazolegeza moyo zilionekana pia kuukinga pale damu inapokatika kwa muda, ni kama seli zinaamshwa mapema zijiandae. Ilitupa matumaini makubwa, lakini utafiti wa 2019 wa wagonjwa 5,400 wa operesheni ya mishipa ya moyo haukuona tofauti ya vifo baada ya mwaka kati ya waliolalishwa kwa gesi na waliopewa dawa za mshipa peke yake. Kwa hivyo usiikimbie gesi, na pia usiililie.

BintiWaAhero:
Asanteni sana, angalau nimekunywa chai. Na wakitumia sindano ya mshipa bila gesi si ni afadhali?

Thieta_Nakuru:
Si lazima. Propofoli, dawa ya kulalisha ya sindano, pia inashusha presha, pengine haraka kuliko gesi. Ketamini, nayo ya sindano, kwa kawaida inapandisha mapigo na presha lakini moyo mchovu unaweza kushindwa na hiyo mbio. Kwa mama mwenye moyo wa asilimia 40 wengi wetu tunachanganya, kidogo cha hiki kidogo cha kile, taratibu, macho kwa monita. Mimi hata hiyo goita inanisumbua kuliko gesi, hapo anapokoroma ndipo mpira wa kupumulia unapita, waambie hilo kabla ya siku yenyewe. Beba ekko na dawa zote kwa pakiti zake, na uulize ni gani anameza asubuhi hiyo na gani anaacha, usiamue wewe.

BintiWaAhero:
Sawa kaka. Pakiti ziko nne, nimeziweka kwa mfuko mmoja na ekko. Kesho asubuhi naenda kuwaona.