Mtaa hauna shule ya msingi, tumepata kiwanja na milioni 6: tuanze wapi?

Mtaani_Temeke: Wakuu, habari za kazi. Mtaa wetu hauna shule ya msingi. Watoto wanavuka barabara kuu ya malori kwenda mtaa wa pili, na huko darasa moja lina watoto zaidi ya 120, wanaingia kwa zamu. Mzee mmoja yuko tayari kuuza ekari moja na nusu kando ya mto, ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Tumechanga milioni 6. Wajumbe wanataka msingi uchimbwe mwezi huu. Ushauri?

Karani_wa_Kata: Mkuu, weka jembe chini kwanza. Chukua futi, pima kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Ekari moja na nusu ni kama mita za mraba 6,000. Kama kiwanja kina upana wa mita 80 kutoka mtoni, unabaki na ukanda wa mita 20 tu. Darasa na baraza lake vinakula mita 9, halafu vyoo uviweke wapi? Vyoo ndivyo vinavyoangusha shule nyingi za mjini: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Madarasa 7 ya watoto 45 ni watoto 315, yaani matundu kama 15, kabla ya ya walimu na la wenye ulemavu. Na kando ya mto ukichimba shimo, maji yanakukuta njiani.

Hiyo karatasi nayo inathibitisha mlipana tu. Haihamishi umiliki kwenda halmashauri, na halmashauri haipangi fedha kwenye ardhi isiyo yake. Mzee akifariki, watoto wake watakuja na madai yao.

Mtaani_Temeke: Sasa ardhi nyingine tutaitoa wapi? Mtaa umebanana kabisa.

Karani_wa_Kata: Nendeni ofisi ya mipango miji ya manispaa mkaombe kuona mchoro wa eneo lenu. Mara nyingi kuna kiwanja cha elimu kilichotengwa zamani, leo kina gereji au mabanda. Kikipatikana, muhtasari wa mkutano wa mtaa uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aubebe mpaka baraza la madiwani. Wahini Oktoba hadi Desemba, bajeti ya Julai inapoandaliwa. Mkipeleka Mei mmechelewa mwaka mzima.

Fundi_Sanifu: Naunga mkono ya ardhi, ila tusiwakatishe tamaa kuhusu kuchanga. Serikali ina utaratibu wa kumalizia maboma, yaani majengo ambayo wananchi wameyaanza na hayajaezekwa. Wananchi wakifikisha kuta kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), ni rahisi zaidi kuingizwa kwenye mgao kuliko kuomba darasa kutoka sifuri. Kwa kipimo, fedha za serikali za madarasa ya mpango wa UVIKO-19 za 2021 zilikuwa milioni 20 kwa darasa. Milioni 6 zenu ni boma moja, tena kwa kubana.

Shule ya jirani ikiwa na uwanja wa ziada, jengeni humo kwanza kwa ramani ya mhandisi wa halmashauri. Ghorofa msiliguse kwa michango.

Tofali: mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hivi za inchi 6. Fundi akikuahidi 50 anakuuzia mchanga. Liangushe moja toka usawa wa kiuno. Likisambaratika, rudisha mzigo wote. Zimwagiliwe siku 7 na zikae kivulini. Bati geji 28, msikubali 30, hiyo ni nyembamba zaidi.

Bi_Mkubwa: Wanangu, fedha zisishikwe na mwalimu wala mjumbe. Ziingie benki kwa stakabadhi ya halmashauri. Kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi zisiwe na watu walewale, maana anayenunua mwenyewe hawezi kuhesabu mifuko mwenyewe.

Mtaani_Temeke: Nimewaelewa. Na darasa likiisha, watoto wanaingia tu?

Karani_wa_Kata: Hapana. Mthibiti ubora wa shule (mkaguzi) akague, ndipo usajili uombwe. Bila namba ya usajili hamna walimu wala ruzuku. Mnaweza kuanza kama shule shikizi, yaani tawi la shule iliyosajiliwa, watoto wakabaki kwenye rejista ya shule mama. Jumatatu anza na mchoro wa mipango miji, na milioni 6 zikae benki.